Kutoka Mtaa wa Msimbazi Hadi Pugu kwa Miguu

Mtu akishuka kwenye mwendokasi pale Msimbazi, Kariakoo, anakuwa mwendo mfupi tu kutoka kwenye mto wenye jina hilo, ila anaweza kufanya biashara hapo miaka na miaka asiuone. Simba ni Wekundu wa Msimbazi, Yanga ni Wanajangwani. Bonde la mto huo hutajwa redioni kila wiki ya ligi, na hakuna anayelitembelea. Mimi nimelipitia kwa miguu, kutoka mtaa huo hadi baharini penye daraja la Salender, kisha kuupanda mto hadi vilima vya Pugu upande wa Kisarawe, unakoanzia, kilomita thelathini na kitu kwa kuufuata mkondo. Nilikuwa na swali moja: je, mwananchi wa kawaida wa Dar es Salaam anaweza kupewa njia ya miguu ya umma, inayotoka mjini hadi msituni bila kukatika, ndani ya ardhi ambayo sheria tayari inailinda? Nimerudi nikiamini kwamba inawezekana. Tena naamini kwamba bila njia hiyo, ulinzi wenyewe utaendelea kuwa wa kwenye makaratasi.

Safari inaanzia mahali ambapo mguu hauna nafasi. Kariakoo inaendeshwa na watembea kwa miguu: wachuuzi, wateja wa jumla kutoka mikoani na nchi jirani, wapagazi wenye marobota ya vitenge kichwani, wasukuma mikokoteni. Hata hivyo, kando ya barabara kumejaa meza za machinga, bodaboda zimeegeshwa kwenye kona, na anayetaka kupita hulazimika kushuka barabarani na kugombania nafasi na guta. Pa kupumzikia ni Mnazi Mmoja, na hata hapo historia inafundisha jambo. Wajerumani walipoipanga Kariakoo iwe makazi ya Waafrika, na Waingereza baada yao, uwazi wa Mnazi Mmoja uliachwa uwe mpaka kati yake na mji wa Wahindi na Wazungu. Ulikuwa uwazi wa kuwatenga watu. Ulidumu kwa sababu baadaye watu waliugeuza kuwa wao: wakaupita kila siku, wakafanyia hapo mikutano na sherehe za taifa. Mabonde ya mito yaliachwa wazi vilevile katika mipango mikuu ya jiji ya 1949, 1968 na 1979, lakini huko hakuna aliyewatengenezea watu njia ya kupita, na matokeo yake yako wazi kwa yeyote anayeteremka kutoka kituo cha Fire kwenda Jangwani.

Jangwani ndipo hoja yangu inaposimama au kuanguka, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Bonde ni pana, bapa, lenye udongo mweusi unaonata, na Barabara ya Morogoro imelikata katikati. Kila mvua kubwa ikinyesha, mto hupanda juu ya barabara na jiji hukatika vipande viwili. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na familia nyingi za mabondeni zikapelekwa Mabwepande. Baadhi zilirudi, wengine wapya wakaja, mafuriko yakarudi pia. Si wanyonge peke yao waliojenga hapo: karakana ya mabasi ya mwendokasi nayo iliwekwa kwenye bonde hilohilo, na mabasi yakafunikwa na maji zaidi ya mara moja. Na haya yote yalitokea juu ya ardhi ambayo sheria haikuwa kimya kuihusu. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inaitaja ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, pamoja na mikoko na maeneo oevu, kuwa ni ardhi inayoweza kutangazwa hatarishi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inarudia mita hizo hizo 60 na kukataza ndani yake shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira. Tumekuwa na ramani tatu na sheria mbili, na nyumba zikajengwa.

Sababu naiona hivi. Katazo husema nini kisiwepo, lakini halimweki mtu yeyote mahali pale. Ardhi isiyopitwa haina wa kuona gari la kwanza la kifusi likimwagwa usiku, haina wa kuuliza vigingi vimesimikwa na nani, na afisa anapofika na alama ya X nyekundu, tayari kuna ukuta, choo, na watoto wanaosoma shule ya jirani. Njia ya miguu inabadilisha hesabu hiyo. Watu mia tatu wakipita mahali kila asubuhi kwenda kazini, anayeziba njia hiyo anagombana na watu mia tatu, na ugomvi unaanza siku ileile. Angalieni viwanja vya wazi vilivyobaki mitaani Dar es Salaam: vingi vilivyosalimika ni vile vyenye kichochoro cha kukatisha au goli mbili za miti. Vilivyozungushiwa uzio na kuandikwa "eneo la hifadhi" pekee vimekwenda vingi.

Kutoka Jangwani kushuka hadi baharini ni mwendo mfupi, na ndiyo sehemu nzuri kuliko zote upande wa mjini. Mto unapanuka, maji ya chumvi yanaanza kuingia, na mikoko inatokea, mizizi yake imenasa mifuko ya plastiki na ndala. Nyangenyange wanasimama kwenye tope umbali wa mita chache kutoka foleni ya Barabara ya Ali Hassan Mwinyi. Mikoko ya Tanzania ni misitu ya hifadhi tangu enzi za ukoloni, kwa hiyo msafiri hapa yuko ndani ya msitu wa hifadhi bila kujua, na dereva aliye juu ya daraja hajui pia. Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa 2022 likipita juu ya bahari karibu na hapo, limethibitisha jambo moja: lilipopewa njia ya waenda kwa miguu, watu walikuja wenyewe kutembea, kukimbia na kupiga picha. Hatuna haja ya kwenda mbali kujifunza namna ya kuwapitisha watu kwenye mikoko bila kuikata. Pale Pete, Unguja, pembeni ya msitu wa Jozani, kuna njia ya mbao iliyoinuliwa juu ya nguzo kati ya mikoko. Maji yanapanda na kushuka chini ya miguu ya mgeni, na sehemu ya mapato hubaki kwa wanakijiji. Njia kama hiyo Salender isingehitaji basi la watalii. Ingehitaji wanafunzi wa Upanga, Kinondoni na Kariakoo wenyewe.

Kuupanda mto kuanzia Jangwani ndiko kunakomfundisha mtu kwamba njia ninayoidai tayari ipo, isipokuwa haina jina wala mwenye kuitunza. Kutoka Magomeni na Mchikichini kuelekea Kigogo, ukingo una vijia vya upana wa mtu mmoja, vimekanyagwa hadi udongo unang'aa kama sakafu. Penye mteremko wakazi wamepanga viroba vya mchanga viwe ngazi; penye kuporomoka wamezika matairi chakavu na kushindilia kifusi; penye mkondo mwembamba wamelaza magogo na mbao, na mahali pengine mvukaji huacha sarafu kwa kijana anayekitengeneza kivuko kila mvua inapokichukua. Huo ni uhandisi wa kweli. Aliyepanga viroba vile anajua maji yanapopita kuliko mchoro wowote. Juu zaidi kufuata mto, kati ya Kigogo na Tabata, kuna matuta ya mchicha, matembele na mnafu, yamenyooka, na njia za kumwagilia kati yake ndizo hizo hizo mtu anazopita kwenda kituoni. Mtandao wa njia za umma usianze na karatasi tupu. Uanze kwa kuviandika vijia hivi, kuviunganisha, na kuvipa hadhi ya kisheria.

Hapa ndipo pingamizi zito linapokuja, na wanaolisema wana haki ya kujibiwa kwa uzito. Wanasema: bustani na njia za matembezi ni kisingizio kizuri cha kuwaondoa maskini ili wenye nacho wapate pa kukimbia jioni. Hofu hiyo ina msingi. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mradi wa kuendeleza bonde la Msimbazi, ambao pamoja na fedha za Uholanzi na Hispania unafikia dola za Marekani milioni 260. Ndani yake kuna daraja jipya la Jangwani, kuhamishwa kwa karakana ya mabasi, kupanuliwa kwa mto, na bustani kubwa ya jiji; na ndani yake pia kuna nyumba nyingi zilizofidiwa na kubomolewa. Aliyelipwa fidia isiyotosha kiwanja Chanika ana haki ya kuuliza bustani hiyo ni ya nani. Jibu langu ni kwamba nyumba kwenye mkondo wa mafuriko haziwezi kutetewa, maana zinaua, lakini mkulima wa mchicha anaweza kutetewa, na njia inaweza kuwa mshirika wake. Bustani yenye geti na kiingilio itamfukuza. Njia ya umma inayopita pembeni mwa matuta itamletea mnunuzi hadi shambani. Kwa hiyo sharti la kwanza ninaloliweka ni hili: njia ya bondeni iwe bure, isiwe na geti, na ramani yake ionyeshe mashamba ya mboga kama sehemu ya bonde, yabaki. Mradi ukishindwa hapo, wapinzani watakuwa na haki, nami nitaungana nao.

Pingamizi la pili husemwa na kila mtu: vibaka. Mabondeni kuna vibaka, ni kweli, na hakuna mzazi atakayemtuma binti yake kwenye njia ya kichakani kwa sababu tu mwandishi ameisifu. Lakini tuulize kwa nini wanapenda pale. Wanapapenda kwa sababu hakuna macho. Nairobi ilipitia jambo hili na msitu wa Karura, wenye hekta zaidi ya 1,000 ndani ya jiji. Mwisho wa miaka ya 1990 ulikuwa unagawiwa kwa wajenzi. Mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake walipigwa Januari 1999 walipokwenda kupanda miti getini. Msitu uliokolewa, lakini kwa miaka mingine kumi wenyeji waliendelea kuuogopa kama pango la wahalifu. Ulibadilika pale jumuiya ya wakazi na idara ya misitu zilipoujengea uzio, zikaajiri walinzi kutoka makazi ya jirani, zikafungua njia za kutembea, kukimbia na baiskeli. Leo familia zinajaa humo Jumapili. Karura ina uzio na kiingilio, na mto unaokatisha mitaa hauwezi kuwa na uzio, kwa hiyo tusinakili kila kitu. Tuchukue kile kilichofanya kazi: walinzi wanaotoka mtaa huohuo, na watu wengi kiasi kwamba mwizi anakosa dakika za upweke. Msimbazi tayari ina watu. Kinachohitajika ni taa, kufyeka magugu pembeni ya njia, na vijana wa Kigogo na Vingunguti walipwe kuilinda, wale wale wanaovitengeneza vivuko sasa.

Kuhusu mafuriko, jibu ni fupi. Kati ya vitu vyote vinavyoweza kujengwa bondeni, njia ya miguu ndiyo inayopoteza kidogo maji yanapokuja. Nyumba ikifunikwa, mtu amekufa au amefilisika. Njia ya changarawe na mawe ikifunikwa, wiki inayofuata watu wenye sepeto wanaondoa tope na watembeaji wanarudi. Inatakiwa tu ijengwe ikijua itazama: isiwe na saruji nzito inayobanduka kwa mapande, mabenchi na taa vikae juu ya kingo, madaraja madogo yafungwe kwa namna ya kuondolewa kabla ya masika.

Uchafu ni habari nyingine, na sitaupunguza. Chini ya Barabara ya Mandela, upande wa Tabata Matumbi, na zaidi unapoukaribia Vingunguti, mto una rangi ya chai iliyochacha na harufu ya machinjio, viwanda na vyoo vilivyofunguliwa wakati wa mvua. Wapo watakaosema safisheni kwanza, kisha mlete watu. Mimi nadhani mpangilio huo umetuchelewesha miongo mingi. Tabata yenyewe ni ushahidi. Wakazi wa hapo waliokuwa wakivuta moshi wa dampo la jiji kila siku walikwenda Mahakama Kuu mwaka 1988, na mahakama ikaizuia Halmashauri ya Jiji kuendelea kutupa taka pale, ikiwakumbusha wote kwamba uhai ni haki ya Katiba. Hawakusubiri takwimu za maabara. Waliona, walinusa, walikohoa, wakashtaki. Mto unaopita nyuma ya kuta za viwanda hauna mashahidi wa aina hiyo, ndiyo maana bomba linaweza kutoa maji ya rangi mwaka mzima. Nasema haya nikijua kwamba mtoto asikanyage maji yale leo: njia ipite juu ya ukingo, yawekwe mabango yanayosema wazi kwamba maji si salama, na walimu wa shule za Vingunguti wawapitishe wanafunzi hapo mara kwa mara na kitabu cha kuandikia rangi, harufu na mahali bomba lilipo.

Baada ya Kinyerezi na Ukonga nyumba zinaanza kuachiana nafasi, mto unakuwa kijito cha kurukwa, na vilima vya Pugu vinatokea mbele. Hapa hifadhi ni ya namna nyingine kabisa. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi ni mabaki ya misitu ya kale ya pwani. Miongoni mwa wakazi wake ni komba wa Rondo, mnyama mdogo wa usiku aliye katika hatari kubwa ya kutoweka, na kwenye mapango ya mgodi wa zamani wa udongo mweupe kuna popo wengi. Miaka ya karibuni misitu hiyo imepandishwa hadhi kuwa hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, ambao wamefungua njia za kutembea na baiskeli. Kabla ya hapo makaa na mashamba yaliula msitu vipande vikubwa, ingawa ulikuwa hifadhi miaka yote. Je, watembeaji hawatauharibu tena? Wataalamu wa uhifadhi wana haki ya kuhofia njia pana, kelele na moto wa kuchomea nyama. Njia ya msituni inatakiwa iwe nyembamba, ifuate mzunguko wa kilima badala ya kupanda wima, maana njia ya wima hugeuka mfereji mvua ya kwanza ikinyesha; na iziache kando sehemu za ndani ambako komba wanaishi. Nakubali pia kwamba msituni kiingilio kidogo kwa ajili ya walinzi kina maana yake. Lakini mchoma makaa hatembei penye watu, na tanuri lake huhitaji siku kadhaa za faragha. Njia inayotumika humnyima siku hizo.

Kuna hoja nyingine ya kuiunganisha Pugu na Kariakoo, nayo ni ya historia. Julius Nyerere alifundisha shule ya Pugu hadi alipojiuzulu Machi 1955, na wanaosimulia siku za mwanzo za TANU, chama kilichoundwa Julai 1954 hapo pembeni ya Kariakoo, husema mwalimu huyo aliteremka mjini mwisho wa wiki kwa mikutano, mara nyingi kwa miguu. Mwaka 1967, akiwa Rais, alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza kuliunga mkono Azimio la Arusha. Nchi ambayo mwasisi wake aliutumia mguu namna hiyo haiwezi kuona aibu kuwatengenezea watu wake njia. Tena usafiri wa kwenda au kurudi upo: treni ya SGR iliyoanza safari za Dar es Salaam hadi Morogoro mwaka 2024 ina stesheni Pugu, na daladala za Gongo la Mboto hazikosekani. Mtu anaweza kupanda kwa treni asubuhi na kuteremka na mto kwa hatua zake mwenyewe, akaishia kwenye supu Kariakoo.

Watakaosema hili ni anasa ya nchi tajiri wakumbuke kwamba hata huko halikuletwa na matajiri. Aprili 1932 vijana wa viwandani wa Manchester, Uingereza, waliingia kwa makusudi kwenye mlima Kinder Scout uliofungwa kwa ajili ya mabwana wawindaji, na watano wakafungwa jela. Sheria ya hifadhi na njia za umma ilipitishwa 1949, na njia ndefu ya kwanza, Pennine Way, ikafunguliwa 1965. Waliodai walikuwa watu wa vyumba vya kupanga, wenye Jumapili moja ya kupumua. Kariakoo, Buguruni na Manzese wamejaa watu wa namna hiyo, katika mkoa ambao sensa ya 2022 iliuhesabia zaidi ya watu milioni 5.3.

Na kisheria hatuhitaji kusubiri Bunge. Sheria ileile ya Ardhi ya 1999 inatambua haki za njia za umma, na inaweka utaratibu wa kuzianzisha juu ya ardhi, hata yenye mmiliki. Kwa hiyo ombi langu kwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kwa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam (Ilala) na za Kinondoni, Ubungo na Kisarawe, na kwa TFS ni moja: kabla mabango ya bustani ya Jangwani hayajakamilika na kabla viwanja vya juu ya Kinyerezi havijapimwa vyote, choreni njia moja ya miguu kutoka mikoko ya Salender hadi msitu wa Pugu, iandikishwe kuwa haki ya umma, na ibaki bure upande wote wa bondeni. Nawe msomaji unayeishi Magomeni, Kigogo au Tabata, unakijua kijia cha mtaani kwenu kuliko mimi. Kipeleke kwenye mkutano wa serikali ya mtaa, kitaje kwa jina, na hakikisha kimeandikwa kwenye muhtasari.